Miezi Miwili ya Kumchana Karani

Kaka yangu mkubwa ni mlinzi wa ghala. Ana miaka ishirini na mitatu kwenye kazi hiyo, na maneno aliyoyasema pale getini kwa muda wote huo ukiyaandika hayajazi ukurasa. Madereva wa malori walimpa jina la Bubu. Si bubu. Anajua kusema, ila husema kama mtu anayejing'oa meno, moja moja na kwa maumivu. Mama yetu alizaa wawili. Maneno yote nikapewa mimi, yeye akaachiwa kuitikia.

Tangu mkewe afariki, miaka sita sasa, anakaa kwangu, chumba cha uani. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni, sare za shule, mashati ya watu wa maofisini wanaotaka kola isimame kama ubao. Uani kwangu pana kamba nane za nguo, na kaka akitoka kazini hupita katikati ya mashuka kama anayepita kwenye mapazia ndipo afike mlangoni kwake. Nayasema haya ili ieleweke mapema kwamba mimi na mbwa hatukuwa na mazungumzo. Unyoya mmoja wa mbwa kwenye shuka jeupe, mteja anakurudishia mzigo wote, na maneno juu yake.

Basi alasiri moja namwona kaka anaingia ameshika mnyororo, na mwisho wa mnyororo pana mbwa.

Nilikuwa namjua kwa sifa. Aliitwa Karani, kwa sababu kila lori lililoingia ghalani alilizunguka akinusa gurudumu baada ya gurudumu, akimaliza anaketi, kama amegonga muhuri. Nilikuwa nimeambiwa ni mbwa mkubwa wa mgongo mweusi na miguu ya kahawia, mwenye manyoya marefu ya kuvutia. Niliyeletewa alikuwa gunia kuukuu. Mgongoni upara, mkiani upara, masikioni magamba, na palipobaki manyoya yalikuwa yameshikana mafundo. Alijikuna mpaka mguu ukachoka, akabadili mguu.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Karani."

"Naona karani amefukuzwa kazi."

Hakucheka. "Wamempa miezi miwili."

"Kina nani?"

"Bosi. Daktari wa mifugo atakuja kukagua mbwa wote. Ngozi ikiwa hivi, sindano."

"Si ndiyo vizuri, atibiwe."

"Sindano ya kulala," akasema. "Asiamke." Akaongeza, "Nimeomba nimlete nyumbani."

Hapo nikaacha kukamua shuka nililoshika. Kaka yangu hajawahi kuomba kitu. Hakuomba zamu nzuri, hakuomba kiti kipya getini mpaka cha zamani kilipovunjika naye yuko juu yake. Eti ameomba.

"Na mashuka yangu?"

"Nitamfunga kule kona, upande usio na kamba."

"Unyoya mmoja, kaka. Mmoja tu nikiuona, mtalala nje wote wawili."

"Sawa," akasema. Ndiyo yalikuwa makubaliano yetu.

Baadaye nilipata kisa chenyewe, kwa kumdonoa donoa kama kuku. Kule ghalani mbwa huoshwa kwa mpira wa maji na sabuni ya sakafu, kisha hulala juu ya saruji yenye unyevu. Zamani kaka ndiye alikuwa akimchana Karani kila siku mwisho wa zamu. Wakamhamishia geti la nyuma miezi minne, na mbwa akabaki mikononi mwa watu wasiojua brashi inashikwa upande gani. Aliporudi geti la mbele alimkuta amekuwa vile.

Jirani yangu, Mama Mapacha, ukuta wake na wangu ni mmoja na macho yake hukaa upande wangu. Siku ya pili tu akachomoza kichwa.

"Mwenzangu, umeanza kufuga fisi?"

"Fisi mtafute kwenu. Huyu ana ajira."

"Mpakeni oili chafu ya gari, ile inayomwagwa gereji. Baba Mapacha alimpaka mbwa wetu mwili mzima."

"Mbwa wenu yuko wapi?"

"Si alikufa."

"Ahsante kwa ushauri," nikamwambia.

Wiki ya kwanza kaka hakumwogesha. Alirudi kutoka kazini saa nane, akavua sare, akaketi kwenye stuli na mkasi mdogo, akaanza kufungua mafundo. Fundo moja lilimchukua muda wa mimi kupiga pasi mashati manne. Alilishika karibu na ngozi kwa vidole viwili ili lisivute, akalichambua kwa ncha ya kitana, na lile lililokataa kabisa akalikata nusu nusu. Nilipomuuliza kwa nini asimtie kwenye maji kwanza, akasema, "Fundo likilowa linakaza." Maneno matatu, nami nikawa nimefundishwa.

Lakini mbwa alinuka. Siku ya saba harufu ilivuka kona ikaja kukaa na mimi kwenye beseni. Na hapa nitasema lililo langu, kwa sababu nikilificha Mama Mapacha atalisema.

Nimetoa doa la damu kwenye gauni la harusi. Nimetoa wino, grisi na kutu. Wako watu wamepitia madobi watatu ndipo wakaniletea mimi nguo, na wakaipokea ikiwa mpya. Mtu mwenye mikono hii anapoona kitu kichafu nyumbani kwake hakai akakitazama. Kaka alipoondoka asubuhi ile nilichemsha maji, nikayapooza kiasi cha mkono kuvumilia, mkono wangu mimi, ambao miaka yote umo ndani ya maji ya moto. Nikamwaga sabuni ya unga. Nikachukua brashi ya kola. Nikamfunga Karani kwenye nguzo ya kamba, nikamsugua kuanzia shingoni mpaka mkiani, mara mbili, na kwenye maji ya mwisho nikatia vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ili harufu ife kabisa.

Hakubweka. Hakuuma. Alisimama anatetemeka, ananitazama. Nikadhani ni adabu ya kazini.

Nikamwacha juani akauke. Ilipofika saa saba alikuwa anang'aa, ananukia kama kabati la hoteli. Nikajisifu moyoni. Nikasema kaka akija leo ataongea hata sentensi mbili.

Kaka akaja. Alisimama mlangoni kabla hajaingia, kwa sababu harufu ilimpokea. Akaenda mpaka kona, akapiga magoti na sare yake, akagawa manyoya ya mgongoni kwa vidole, akatazama.

"Umemfua," akasema.

"Nimemsafisha. Mtazame."

"Umemfua, mdogo wangu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua pa kumjibia. Alichota ndoo ya maji ya baridi, akachukua kikombe, akaanza kummiminia taratibu, kikombe baada ya kikombe, ndoo baada ya ndoo, mpaka jua likaenda. Mimi nikapiga pasi. Nakumbuka niliunguza mkono wa shati siku ile, na siunguzi nguo.

Kesho yake ngozi ikawa nyekundu. Siku ya tatu ikapasuka. Siku ya nne ukimshika tu manyoya yanabaki mkononi, na mahali palipokuwa pazima pakaanza kutoa maji. Alijilamba mpaka damu. Wiki saba zilizobaki nilizihesabu mimi mwenyewe, nikaona nimemsogezea sindano kwa mikono yangu. Nilipompelekea kaka chakula jioni ile alikipokea, akasema ahsante.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Nasema tukampeleka kwa sababu nilifunga beseni langu nikaenda nao, mnyororo kashika kaka, na mimi nyuma kama mshitakiwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono mirefu, miwani imefungwa kwa kamba. Kumbe ndiye huyo huyo ambaye angekwenda ghalani kukagua.

"Mmemwogesha na nini?" akauliza.

Kaka akatazama ukuta. Angeweza kusema "sabuni" yakaisha. Nikajitokeza, nikataja vyote, mpaka vile vifuniko viwili.

Daktari alivua miwani. "Mama, ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yako. Ina mafuta yake inayojitengenezea, ndiyo yanayoyang'arisha manyoya. Wewe umeyatoa yote. Ni kama umemvua nguo ukamweka juani."

"Mimi ni dobi," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Naona," akasema, bila ubaya. Akakwangua ngozi kidogo kwa wembe butu, akaitazama kwenye hadubini, akasema kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Ndio walioanza, na saruji ya unyevu ikawasaidia, nami nikamalizia. Akampiga sindano ya wadudu. Akatupatia shampuu ya dawa. Akaeleza: mara moja kwa wiki, si zaidi, maji ya uvuguvugu ambayo mtoto mchanga angeogeshwa, povu likae dakika kumi, kisha lisuuzwe mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, taulo likandamizwe, lisisuguliwe. Kila siku kitana, kufuata manyoya yanakolala. Matandiko yachemshwe kila baada ya siku tatu. Na chakula kisiwe makombo matupu: yai la kuchemsha, samaki wadogo, kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake.

Kaka akauliza swali moja. "Wiki saba zitatosha?"

"Manyoya hayana haraka ya mtu, mzee. Siku hiyo nitaangalia ngozi kama imefunga, na kama mapya yanaota. Nisipoona hivyo nitaandika nilichokiona. Sitakupendelea."

"Sikuomba upendeleo," kaka akasema.

Tukarudi. Njiani nikamwambia, "Kaka, matandiko niachie mimi." Akaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na ndiyo niliyoiweza: mablanketi mawili makuukuu, moja juani, moja chini ya mbwa. Niliyachemsha kwa moto kuliko mashuka ya nyumba ya wageni, na safari hii sabuni niliitia kidogo tu. Niliyasuuza mpaka maji yakawa ya kunywa. Mayai nikachemsha. Samaki wadogo nikawatoa miiba mikubwa, mimi niliyeapa kuwalaza nje wote wawili. Mama Mapacha aliniona akacheka mpaka akashika ukuta.

"Leo fisi anaandaliwa?"

"Anaandaliwa. Wewe umeandaliwa lini?"

Akashuka ukutani.

Kila siku saa tisa kaka alikaa kwenye stuli yake. Kwanza alimpa Karani brashi ainuse, kila siku, kama hajawahi kuiona. Akaanza begani, kiganja cha kushoto kimelazwa juu ya ngozi kuituliza, cha kulia kinapita polepole. Palipo na kidonda aliruka, akaendelea mbele yake. Kifuani, tumboni, nyuma ya masikio ambako mafundo hupenda kurudi, chini ya mkia. Aliinua kila mguu akatazama katikati ya vidole, akatoa kupe kwa kibano bila kuwakamua, akawadumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Alitazama masikio ndani, akayafuta kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo tu. Kucha akazikata ncha ndogo ndogo, kila wiki kidogo, kwa sababu ndani ya kucha mna damu. Manyoya yote yaliyotoka aliyakusanya kwenye mfuko wa nailoni akaufunga. Kwenye kamba zangu haukufika hata unyoya mmoja. Nilitafuta.

Wiki ya tatu vidonda vilikauka. Wiki ya nne hapakuota kitu, ngozi kavu tupu, ya kijivu kama jivu. Kaka alianza kukosa usingizi. Nilimjua kwa macho yake asubuhi. Siku moja nikamwambia, nikidhani namfariji, "Ni mbwa tu, kaka. Ukimkosa, umefanya lako." Akaendelea kuchana.

Siku chache baadaye nilikuwa naanika mashuka ya nyumba ya wageni, mazito, yamejaa maji, kamba zote nane zimejaa. Kaka yuko kona yake, mimi niko katikati ya mashuka, hanioni. Nikasikia sauti ya mwanamume inaongea. Nikadhani amepata mgeni. Nikasikiliza, nikajua ni yake. Ilikuwa inateremka tu, bila kung'olewa.

Sharti nieleze ya nyuma kwanza. Siku aliyofariki wifi yangu, mke wa kaka, hospitalini nilikuwepo mimi. Habari ilimfikia kaka getini saa nne asubuhi. Aliyempelekea ni mtu niliyemtuma mwenyewe, na mtu huyo akarudi akaniambia amempa. Kaka alikuja saa nane, baada ya zamu kwisha. Masaa manne mazima nilikaa na mwili wa wifi, natazama mlango. Na msibani, mbele ya watu, nikamwambia kaka: "Geti lilikuwa na thamani kuliko mkeo." Hakujibu. Nikakuchukua kule kunyamaza kwake kuwa ni kukiri. Miaka sita nilimpikia, nikamfulia, na neno lile sikulitoa.

Sasa nasikia anamwambia mbwa:

"Wanasema nililinda geti. Wewe ulikuwepo. Ulijua hakuna kilicholindwa. Malori mangapi yalipita sikuyaona? Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Nikasema, nikifika kule itakuwa kweli. Nikikaa hapa, bado. Tulia, tulia, hilo sikio. Ukaja ukanilalia kwenye viatu. Nikasema haya, mbwa amelala, nisimwamshe. Nikapata na sababu." Kitana kikapita mara mbili tatu. "Mdogo wangu alisema yale. Ningemjibu nini? Kwamba niliogopa? Afadhali geti."

Maji ya shuka yalikuwa yananidondokea shingoni, yanateremka mgongoni, na sikuweza kunyanyua mkono. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sikuona hata kovu, niliona geti. Nilisubiri mpaka alipoingia ndani, ndipo nikatoka katikati ya nguo.

Kesho yake saa tisa nikamfuata kona. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, na mimi sikosi maneno.

"Kaka."

"Mm."

"Yale niliyosema msibani."

Kitana kikasimama. Karani akageuza kichwa kuona kulikoni.

"Yapi?"

"Unayajua."

Akasogea kidogo kwenye stuli. "Mshike masikio," akasema. "Leo nasafisha ndani, hapendi."

Nikapiga magoti nikamshika. Tangu siku ya brashi ya kola sikuwa nimemgusa. Nilitegemea ashtuke. Alininusa mkono mpaka kwenye kiwiko, akauachia uzito wa kichwa chake chote. Na pale karibu, chini ya mwanga wa jua la pembeni, nikaona kwenye ile ngozi ya kijivu ya mgongoni vitu vyeusi vyembamba vimechomoza, vifupi kama ndevu za siku mbili.

"Kaka, tazama hapa."

Akainama. Akapitisha kidole, kinyume na manyoya, kisha kuyafuata. Kisha akaulaza mkono wote juu ya mgongo wa mbwa, akauacha pale.

Siku ya ukaguzi nilivaa gauni langu la kutokea, nikaenda nao ghalani. Hakuna aliyenialika. Walinzi walikuwa wamepanga mbwa saba ukutani, na nitasema ukweli, wengine walikuwa wanatia huruma. Karani hakuwa yule wa sifa za zamani. Manyoya yake yalikuwa bado mafupi mgongoni. Lakini yalilala upande mmoja, meusi, na jua likipita juu yake yalirudisha mwanga. Kaka alisimama pembeni yake, sare imenyooka. Niliinyoosha mimi, mara mbili.

Daktari alikuja na daftari lake. Kwa mbwa wa tatu alitikisa kichwa, na mlinzi wake akatazama chini. Alipofika kwa Karani hakuonyesha kama anatujua. Akapitisha mkono kinyume cha manyoya toka mkiani mpaka shingoni, akatazama mizizi yake. Akafunua masikio. Akainua miguu yote minne. Akakwangua ngozi kwa wembe wake, akaenda na kioo kwenye hadubini aliyoiweka juu ya meza ya getini, akakaa pale muda ambao nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nikatunga.

"Mzima," akasema. Akaandika. Alipotupita aliinamisha kichwa kidogo upande wangu. "Safari hii hukumfua, mama."

Kaka akapumua. Nilimsikia, kama mtu aliyetua gunia.

Bosi wa ghala ni mtu mnene, mchangamfu, si mbaya. Akaja akamzunguka Karani, mikono mfukoni. "Ndiye yule yule? Hapana. Huyu amekuwa mbwa wa kuweka mbele. Tunafungua ghala jipya kule, wageni wakubwa watakuwa wanaingia geti lile, na nilikuwa sina mbwa wa sura. Alhamisi aende."

Kule alikokusema ni mji mwingine, safari ya masaa matatu kwa basi.

Nikamtazama kaka. Uso wake haukubadilika, lakini mkono wenye mnyororo ulijizungushia duru moja zaidi. Miezi miwili tulipigania mbwa asife. Angebaki na upara kidogo, angebaki mbaya wa sura ila mzima, labda wangemwacha pale pale na mtu wake. Tulimponya mno. Nikampiga kaka kiwiko mbavuni. "Sema," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sema, au nitasema mimi."

"Bosi," kaka akasema, "naomba."

Walinzi wote wakageuka. Wengine nadhani walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake ikianza yenyewe.

"Naomba niwe naenda kumchana. Siku zangu za mapumziko."

Bosi alianza kucheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye, akakosa. "Mzee, kule ni mbali."

"Najua."

"Kuna mtu wa kumtunza kule."

"Nitamwonyesha."

Bosi akakuna kidevu. "Haya, nenda. Nitawaambia wakufungulie."

Tulipokuwa tunarudi sikujizuia. "Miaka ishirini na mitatu, kaka. Unafungua mdomo mbele ya bosi, unaomba kuchana? Ungeomba mbwa."

"Angekataa."

"Umejuaje?"

"Mbwa ameandikwa mali ya kampuni. Ningeomba mbwa, angekataa, na nisingeweza kuomba tena." Akatembea hatua kadhaa. "Hili alilikubali."

Hesabu yake ilikuwa sawa.

Alhamisi alikwenda naye mwenyewe, akamkabidhi mlinzi wa kule, kijana mrefu mwenye haraka, aliyemuuliza kama mbwa anauma. Kaka alimpa brashi, akamshika mikono, akaulaza wa kushoto juu ya bega la Karani na kuuongoza wa kulia. Alimfundisha hivyo mpaka basi la mwisho.

Sasa kila Jumapili ya pili anaondoka alfajiri na mfuko wenye kitana, brashi, kibano, kitambaa na mayai mawili ya kuchemsha. Mayai namchemshia mimi. Wenzake wanamcheka kwamba ana mchumba mji wa pili. Anawaacha wacheke. Hufika, husubiri Karani amalize lori lililoko getini, humchana mwili mzima, hukagua masikio, hurudi. Ngozi iko vizuri, ananiambia. Mgongoni yamefika urefu wa kidole.

Jumapili iliyopita alirudi jioni mimi nikiwa kwenye beseni. Nilimuuliza, kwa kuchokoza tu, huko anaongea naye nini siku hizi.

"Siongei," akasema. "Kule watu wengi. Wanatusimamia."

Nilitegemea aingie ndani kama kawaida. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, upande wa pili wa beseni. Akatazama mikono yangu kwenye maji, kisha akatazama ukuta wa Mama Mapacha, ambao kwa bahati ulikuwa mtupu.

"Wifi yako," akasema, "alikuwa hapendi nimchane nywele kule hospitali. Alisema naanzia juu. Alisema nywele huanziwa chini, kwenye ncha, ndipo unapanda. Nilikuwa sijui."

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote ya kuchekesha. Niliyameza. Nikatoa mikono kwenye maji, nikaifuta kwenye kanga, nikaiweka magotini. Akaendelea kusema, polepole, akisimama na kuanza tena, na maji yakapoa kwenye beseni na mashuka ya watu ndani yake.